Njiwa Kwenye Wimbi wa Mama

Baba yangu, Abner Obwocha, ana bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ana kibali chake, na hadi mwezi wa nane mwaka huu hakuwa amempiga njiwa hata mmoja. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye kama natia chumvi. Nimesimama nyuma yake asubuhi nyingi hapa kwetu Marani nikiwa nimeziba masikio. Nimeona moshi, nimeona majani ya migomba yakitobolewa kama chujio, na njiwa nimewaona wakiruka, wakizunguka juu ya paa la kanisa, kisha wakirudi kula. Walirudi kabla mzee hajamaliza kutoa maganda ya risasi.

Ingekuwa mchezo ningecheka. Lakini njiwa hao walikuwa wanakula wimbi wa mama, ile nafaka ambayo wengine huiita ulezi.

Mama anaitwa Nyanchera, na kwa ninavyojua ndiye mwanamke wa mwisho upande huu wa kilima anayepanda wimbi. Wenzake walishang'oa wakaweka chai, wengine wakaweka mikaratusi ambayo inafyonza maji hadi ya kisima cha jirani. Yeye mbegu yake alipewa na mama yake mzazi alipoolewa, wimbi mwekundu wenye vichwa vilivyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Kila mwaka aliweka mbegu ndani ya kibuyu juu ya dari ya jikoni, ambako moshi huikausha. Mwaka jana panya walikitoboa kibuyu. Kilichobaki alikimwaga chote shambani mwezi wa tatu, kwa hiyo akiba haikuwepo. Wimbi huo ukiisha pale shambani, umeisha duniani. Ndivyo mama alivyosema, na mimi sikuona pa kumpinga.

Mwezi wa saba ikaja mvua ya mawe. Wimbi ukalala chini wote, umekunjamana kama blanketi la mgonjwa. Sasa njiwa si ndege wa kuning'inia kwenye shina. Anapenda kutembea na kuokota, tena kwa raha zake, na mvua ile iliwatandikia meza. Tulijaribu kila kitu. Tulifunga makopo, yakapiga kelele siku mbili tu kisha ndege wakayazoea. Tulisimamisha sanamu tukaivalisha sweta yangu ya zamani ya shule, na asubuhi nikamkuta njiwa amekaa begani mwa sanamu anajisafisha manyoya. Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Sisi ni Wasabato, hatufyatui risasi siku hiyo, na ndege hao waliijua Sabato kuliko baadhi ya washiriki ninaowafahamu. Sisi tukiimba kanisani, wao walitoka kwenye paa la kanisa hilohilo, wakaenda kwetu kula.

"Waacheni," baba alisema. "Mimi niko na bunduki."

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza.

Lazima mumjue huyu mzee. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa Subhash, mwenye duka la vyuma mjini Kisii. Subhash alikuwa mtu wa kuwinda kware na kanga enzi zake, na baba ndiye aliyembebea risasi na kumsafishia bunduki. Subhash alipozeeka na macho ya wengi wa familia yake yakaelekea London, bunduki ikahamishiwa kwa baba, makaratasi yakapita kila ofisi yalikotakiwa kupita. Tangu hapo hapa Marani haitwi Abner Obwocha. Anaitwa Abner wa Bunduki. Chifu akija, anamsalimia yeye kwanza. Watoto wakimwona wanasimama pembeni ya njia. Ni mrefu, anavaa kofia ya ukingo mpana iliyoshuka hadi kwenye nyusi, anaongoza nyimbo kanisani kwa sauti inayotikisa mabati, na tangu nizaliwe sijamsikia akisema "nimekosea". Akikosa njia, barabara ndiyo imehamishwa.

Basi na njiwa ilikuwa hivyohivyo. Kwanza risasi zilikuwa zimepata unyevu. Tukanunua mpya. Halafu jua lilikuwa linamchoma machoni, akahamia upande wa pili wa shamba, na ndege wakamwonyesha mkia kwa upande huo pia. Kisha upepo. Kisha akasema hawa si njiwa wa kawaida. Nilipoona visingizio vinamwishia, nilichukua katoni ya televisheni, nikachora njiwa katikati kwa makaa, nikaisimamisha kwenye ukingo wa udongo mwisho wa shamba.

"Tata, piga hii," nikamwambia baba. "Haina mabawa."

Alipiga. Njiwa wangu wa makaa alibaki mzima. Marisau yote yalijaa pembeni, upande wa kushoto, mengine hata katoni hayakuigusa. Akapiga tena, kushoto tena.

"Umeona?" akaniambia, kama mtu aliyeshinda kesi. "Mtutu umepinda."

Akaniamuru nimpigie simu Ishan, mtoto wa Subhash, ambaye ndiye anayekaa dukani sasa.

"Imepinda wapi?" Ishan akacheka kwenye simu. "Fred, hiyo bunduki Dad alipiga nayo kanga ikiwa imefungwa kamba ya viatu kwa kitako. Bunduki iko sawa kabisa. Angalia mwenye kushika."

Sikumfikishia mzee maneno hayo. Nilimwambia tu Ishan anamsalimia. Nilikuwa nimechoka. Mimi ni mwalimu, likizo ya Agosti ni yangu ya kupumzika, na nilikuwa naiishia nyuma ya mtu anayepiga migomba. Kila jioni mama alikuwa anapita shambani, anainama, anainua vichwa vya wimbi kimoja kimoja, anavikuta vitupu. Halafu anaingia jikoni bila kusema kitu. Afadhali angepiga kelele.

Wiki hiyo mke wangu akaja likizo.

Valentine Bochaberi ni mtoto wa Nyamira, ni askari wa wanyamapori, na kazi yake huko kambini ni kufundisha makuruta shabaha. Yaani nyumbani kwetu kulikuwa na mzee asiyeweza kupiga njiwa na mkaza mwana anayelipwa na serikali kufundisha watu kupiga. Mtu wa mbali atasema tatizo limekwisha. Mtu wa hapa anajua ndiyo kwanza limeanza.

Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Mke wangu hamshiki baba yangu mkono. Hakai naye karibu, hamkazii macho usoni, na baba naye hakanyagi ndani ya nyumba yangu. Akinitaka anasimama kwenye ua na kuniita. Wakiwa na neno la kuambiana, linapitia kwangu, au kwa mama, na siku tukikosekana linapitia kwa mbuzi. Sijasema ni vibaya. Nasema tu kwamba waliotunga heshima hiyo hawakuwa wakifundishana bunduki.

Valentine alimtazama mzee akipiga mara moja tu, akiwa mlangoni pa jikoni amejigeuza upande.

"Kila risasi inaenda kushoto," akaniambia. "Anashikia bega la kulia, lakini jicho la kushoto ndilo linalolenga. Macho yanagombana. Nenda umpime."

"Nimpime vipi?"

"Simama mbele yake mbali kidogo. Wewe funga jicho moja. Yeye afungue yote mawili, akunyooshee kidole hadi kwenye jicho lako lililo wazi. Kidole kitafunika jicho lake moja. Hilo ndilo linalolenga. Hiyo ningefanya mwenyewe, lakini..." Kumkazia macho baba mkwe na kunyooshewa kidole usoni, hilo halikuhitaji kumaliziwa.

Kuninyooshea kidole ni kazi ambayo baba anaijua vizuri. Alinyoosha bila kusita, kidole kikafunika jicho la kushoto. La kulia lilikuwa kivulini chini ya ukingo wa kofia na mimi sikutumwa kuliangalia.

"Ni la kushoto," nikamwambia Valentine.

"Basi alifunge anapolenga. La kulia litafanya kazi peke yake."

Asubuhi iliyofuata darasa likaanza. Baba alisimama ukingoni mwa wimbi. Valentine alijibanza kwenye migomba nyuma yake, karibu kiasi kwamba hata akikohoa mzee anasikia. Mimi katikati.

"Ambia mzee asiinue shavu kwa kitako."

"Tata, usiinue shavu."

"Nani ameinua shavu?"

"Ambia mzee asisimamishe mtutu. Afuate ndege, ampite kidogo, afyatue mtutu ukiwa bado unaenda."

"Tata, mfuate ndege, umpite kidogo..."

"Nimpite niende wapi?"

"Mtutu ndio umpite, Tata! Ukisimama, marisau yanafika mahali alipokuwa, yeye ameshaondoka."

"Wewe umejulia wapi mambo ya marisau?"

Alikuwa amesikia kila neno kutoka kwa Valentine. Masikio yake hayana kasoro. Lakini heshima ilitaka asubiri mpaka mimi nirudie, na nilipokuwa narudia, njiwa walikuwa wameshafika kwa jirani. Valentine anasema "sasa", mimi nasema "sasa", baba anauliza "sasa nini?" Nilijiona kama redio mbovu. Na jambo moja lilinishangaza. Tangu afunge jicho la kushoto, mzee alikuwa hapigi tena kushoto. Alikuwa anapiga popote. Risasi moja ilikwenda juu, nyingine ikafukua mtaro. Valentine alikuwa anatikisa kichwa na kuuma kidole, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe niliona hajui cha kufanya.

"Kuna kitu sikioni," akaninong'oneza. "Ningeuona uso wake hata kidogo tu."

Ndipo akatokea njiwa mmoja wa chini chini, akapita juu ya wimbi, akakata kwenda upande wa jikoni. Baba alimfuata na mtutu, vizuri kabisa, shavu limelala, mtutu hausimami, kila kitu tulichomwambia. Na upande wa kulia, kutoka jikoni, mama alikuwa anatoka na beseni la nguo.

Nilipiga kelele. Baba hakusimama. Mtutu ulikuwa unaenda na jicho la kushoto limefungwa kama alivyoambiwa.

Valentine aliruka kutoka kwenye migomba. Alimkumbatia mzee kwa nyuma, akashika mitutu kwa mikono yote miwili, akaisukuma juu. Ikalia. Marisau yalinyesha kwenye mabati ya jikoni kama mvua ya mawe, mama akaangusha beseni, na kofia ya baba ikaanguka.

Mzee akageuka, wakabaki hivyo, mkaza mwana ameshika mikono ya baba mkwe, uso kwa uso. Nilitaka ardhi inimeze. Ila Valentine hakuwa na aibu wakati ule. Alikuwa anatazama jicho la kulia la baba, ambalo lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.

"Tata," akamwambia, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, "hili jicho lina mtoto wa jicho. Huoni nalo ila vivuli. Nimekufungisha linaloona."

Baba alijitoa mikononi mwake, akaokota kofia, akaivaa. Mama alikuwa amefika. Nilidhani ana hofu, kumbe ana hasira.

"Ulijua?" akamuuliza baba.

Baba akavuta ukingo wa kofia chini.

"Abner. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kufungua kitabu cha nyimbo."

Kanisa zima lilikuwa likimsifu kwamba anaimba bila kitabu. Hata mimi nilikuwa nikimsifu.

"Wangejua, wangeninyang'anya bunduki," baba akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. "Na bila bunduki mimi ni nani hapa Marani?"

"Na mimi?" Mama akanyoosha mkono kuelekea shambani. "Mbegu ya mama yangu umewalisha ndege, kwa ajili ya kuficha jicho! Na heshima yenu hiyo, huyu anajificha kwenye migomba, huyu anasema mwambie, mwambie, leo ilikuwa inizike!"

Aliokota nguo zake zilizojaa udongo, akaenda kuzifua upya. Siku ile hakuna aliyekula pamoja na mwenzake. Mimi nilikuwa na hasira na baba, nikawa na hasira na nafsi yangu kwa kumhurumia, na zaidi nilikuwa na hasira na njiwa, kwa sababu jioni walirudi kama kawaida. Mama alizunguka shamba lote kutafuta vichwa vilivyosalia. Alivyoviona vilikuwa vibichi, vya kijani, havifai mbegu. Vilivyoiva vyote vilikuwa makapi. Alirudi na kikapu kitupu, akakining'iniza ukutani.

Asubuhi nilisikia mtu anaita kwenye ua wangu. Nikainuka kwa sababu ni mimi huitwa.

"Bochaberi," baba aliita.

Nikakaa tena. Baba hajawahi kutamka jina la mke wangu. Humwita mama Persis, kwa jina la binti yetu, na hata hilo hulisema akitazama pembeni. Valentine alinitazama, mimi nikatazama chai yangu.

"Nenda," mama akapaza sauti kutoka jikoni.

Nilimfuata nyuma. Baba alikuwa amesimama na bunduki imefunguliwa, haina kitu ndani, na kofia ameishika mkononi.

"Chinsoni ilishavunjika jana," akamwambia, "na hakuna aliyekufa. Niangalie vizuri."

Valentine akamwangalia. Akasimama mbele yake akanyooshewa kidole, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akamhamishia bunduki bega la kushoto. Mzee alinuna. Alisema mkono wa kushoto hausalimii watu. Valentine akasema njiwa hawasalimiwi. Alimsogeza mguu kwa mguu wake, akamkandamiza kitako begani, akamlaza shavu kwa kiganja, na kila alipomgusa wote wawili walishtuka kidogo, kisha wakaendelea. Akamfanyisha bila risasi. Ndege akipita, mzee anamfuata kwa mtutu mtupu, anampita, anasema "pa", mtutu unaendelea. Tena. Tena. Alichoka, akatukana kwa Kigusii cha wazee, akasema hakumwoza mwanawe ili yeye awe kuruta. Valentine akamwambia ainue kiwiko.

Chai yangu ilipoa. Hatimaye akamruhusu aweke risasi moja.

Wakaja njiwa watatu kutoka paa la kanisa. Shamba lilikuwa limebaki mashina, walikuja kuokota punje zilizomwagika. Baba aliwaacha washuke, nikapiga makofi, wakaruka. Akamfuata wa mwisho, akampita, ikalia, na njiwa akaanguka kwenye vikonyo vya wimbi kama jiwe.

Nilipiga yowe kama mtoto. Baba hakucheka. Alisimama pale bunduki ikiwa bado kwenye bega la kushoto, na jicho lake linaloona lilikuwa limejaa maji. Nadhani alikuwa anafikiri kile nilichokuwa nafikiri mimi baada ya yowe kuisha: kwamba amempata, na shamba halipo tena.

Mama ndiye aliyekwenda kumwokota. Alimbinya shingoni kwa vidole, mahali pale ndege huweka chakula kabla hakijashuka kusagwa. Akasimama. Akambinya tena. Akaketi chini palepale udongoni, akatoa kisu kidogo cha kukatia wimbi, akapasua ngozi ya shingo.

Punje zikamwagikia kiganjani mwake. Zilikuwa nyekundu, nzima, zina ute kidogo, hakuna hata moja iliyosagwa. Wimbi wa mama yake.

Mama alizisugua taratibu kwa upindo wa leso, akaziangalia, akafunga ngumi. Kisha akainua uso kumtazama baba, ambaye alikuwa ameanza kutafuta mahali pa kukaa.

"Usikae, Baba Fred," akamwambia. "Wale wengine wanarudi."